Udi wa Wageni

Harusi ya Salha ingekuwa ng'ambo, na mama yake hakuwa na miguu ya kusafiria tena. Salha alimwekea mkekani zawadi za kuwapa wageni ili amchagulie: mishumaa, sabuni za waridi, vipakiti vya udi.

"Udi," alisema mama. "Lakini tuujaribu kwanza."

Salha akautia kwenye chetezo chenye makaa. Moshi ulipopanda, mama alikivuta karibu, akainua upindo wa kanga yake, akaufukiza taratibu kama wageni wafanyavyo harusini.

"Mama, tunajaribu tu."

"Najua, mwanangu. Hongera. Mungu awajaalie kheri."

Kisha akakisogeza chetezo kwa mgeni wa pili. Hapakuwa na mtu. Salha akaenda, akaketi pale.