Viti vya Wanaoweza Kukaa

Hakimu aliuliza nani kati yetu ataumia kifedha kesi ikichukua wiki tatu. Raia wa kawaida kama sisi, anayeitwa mahakamani kuamua kesi, hulipwa dola kumi na tano kwa siku. Kuegesha gari hapo nje tu ni ishirini!

Mikono ikapanda. Mpishi, mlinzi, dereva wa basi, wote wakaruhusiwa kuondoka. Waliobaki ni wastaafu na watu ambao mshahara wao hauguswi wakikosa kazini.

"Dada, inua mkono," dereva alininong'oneza akipita. "Au kodi ya nyumba atakulipia hakimu?"

Nilimtazama mshtakiwa, Lamont. Mikono ya koti lake la kuazima ilimfunika vidole. Anadaiwa kuiba pete ya mgeni hotelini alikokuwa akitandika vitanda. Na mimi natandika vitanda. Kitu kikipotea, najua wanaanza na nani.

Aliona sare yangu ya hoteli. Akakaa wima, akakunja mikono ya koti taratibu, kama mtu aliyemwona ndugu yake.

"Na wewe, mama?" hakimu aliniuliza. "Utaweza kukaa?"

Nikakumbuka kodi ya nyumba. Nikainua mkono, kama dereva.

Lamont akaiachia mikono ya koti, ikamfunika vidole tena.