Jina la Sita kwenye Wasifu

Coleta aliona jina lake likisogea lenyewe kwenye kompyuta ya steshenari.

Wasifu wa marehemu baba yake ulikuwa mtandaoni, na ndugu waliokuwa njiani kutoka Dar walikuwa wameufungua kwenye simu zao, nao wakiweza kuuhariri. Majina ya watoto yalianzia ukingoni mwa ukurasa. Ya wajukuu yaliingizwa ndani. Ndivyo yangesomwa kanisani Mollo, na kwa mpangilio huo watu wangeitwa kuweka udongo kaburini.

Akalirudisha jina lake ukingoni, kwa watoto. Likasogea tena, likakaa na wajukuu. Pembeni yake palikuwa na alama nyekundu yenye jina la kaka yake mkubwa.

Akampigia. "Shikamoo kaka. Jina langu..."

"Marahaba. Liache hapo hapo. Mama yako hakufunga ndoa na baba."

Coleta aliutazama mkono wake juu ya kipanya. Kwenye kucha bado kulikuwa na unga wa ulezi, wa uji aliomlisha baba juzi, kama alivyomlisha miaka mitatu.

"Dada, nitoe nakala ngapi?" mwenye steshenari akauliza. "Katekista anasubiri."

Kabla hajajibu, juu ya majina, palipoandikwa "ameacha watoto sita", ile sita ikafutika herufi moja moja.

Pakaja "watano".