Kipimo cha Huzuni

Walimwomba Rahab alie tena, kwa sababu mara ya kwanza mashine ya kunasa sauti ilikuwa imekwama.

Hakulia. Alikaa tu kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, mikono bado inanuka maua ya pareto, akamtazama Ephantus. Ephantus akatazama chini.

"Jaribu, Mama," alisema. "Daktari anaomba kwa heshima."

Ephantus alikuwa mtoto wa dada yake. Dada alipofariki akijifungua, Rahab alikuwa bado anamnyonyesha Mburu, akampa kila mmoja titi lake. Wavulana hao walikua pamoja kwenye nyumba za wafanyakazi, katika shamba la Mzungu juu kidogo ya Molo. Ephantus alipenda shule, na sasa alikuwa mkalimani wa daktari kutoka Ulaya aliyekuwa akichunguza, kama Ephantus mwenyewe alivyoeleza, "jinsi moyo wa mtu unavyobeba mambo." Mburu alipenda siasa. Mwaka wa hamsini na nne askari wa serikali ya kikoloni walimchukua, wakamfungia kambini upande wa Nakuru.

Habari za kifo cha Mburu, Rahab aliletewa na Ephantus. Ilikuwa asubuhi. Daktari alishuka naye garini, akamfunga Rahab kitambaa cha mpira mkononi, akasikiliza mapigo ya damu, akaandika. Ndipo Ephantus akapiga magoti.

"Mama, Mburu ametuacha. Ni homa ya matumbo. Wamemzika huko huko."

Hata katika uchungu ule, Rahab aliona ni wema: daktari mzima kuja kumpima kwanza, asije akaanguka kwa mshtuko.

Tangu hapo walikuja kila wiki. Alilala vipi? Alikula nini? Alimwona Mburu ndotoni, na kama alimwona, Mburu alisemaje? Maswali mengine yalimtia aibu, lakini aliyajibu yote. Ephantus alikuwa amemwambia majibu yake yatawasaidia kina mama wengine waliofiwa, na Rahab alilishika neno hilo. Mwanangu hakuoa, aliwaza, hakuacha mtoto, hakuacha hata kaburi ninaloweza kuling'olea magugu. Basi kilio changu kimfae mtu.

Jirani yake Cheptoo hakupendezwa.

"Huyu Mzungu wako hajawahi kusema pole," alimwambia wakichuma pareto.

"Hajui Kiswahili."

"Na Ephantus? Si ndugu yake ndiye amekufa?"

"Ephantus analia kwa ndani," Rahab alisema, akaendelea kuchuma.

Alipotaka mchungaji aje amfanyie Mburu ibada, aliyekataa ni Ephantus. Ibada ingempa faraja, alieleza, na daktari alitaka kwanza aone huzuni inavyokwenda yenyewe, bila kusaidiwa. Rahab akakubali. Alipotaka kwenda kuliona kaburi, Ephantus alisema haiwezekani, siku hizi Wakikuyu kama wao hawapewi pasi ya kusafiri. Akakubali hilo pia.

Siku ile ya mashine alilia mwishowe. Alianza kwa kutaka tu kumridhisha Ephantus, kisha kilio cha kweli kikamchukua, akaita jina la Mburu mpaka sauti ikakauka. Wanawake waliokuwa wakiteka maji bombani waliacha madebe yakafurika. Daktari alizima mashine, akasema jambo kwa Kiingereza.

"Anasemaje?" Rahab aliuliza.

"Anasema asante. Kazi yake imekwisha."

Ephantus hakuigusa chai aliyoandaliwa. Wakati wa kuaga aliushika mkono wa Rahab, asiuachie.

"Utanisamehe, Mama?"

"Nikusamehe nini, mtoto wangu? Wewe ndiye uliyenibakia."

Gari likaondoka kuelekea barabara ya Nakuru. Rahab alisimama akipunga mkono hadi vumbi likatulia.

Ephantus hakuja tena. Rahab alimwekea viazi vizuri kila alipovuna, na kila vilipoanza kuchipua akamgawia Cheptoo. Usiku alimwombea kwanza yeye, halafu ndipo akamlilia Mburu.

Jumapili moja, mvua ikiwa imeanza, alikuwa ndani akimenya viazi aliposikia Cheptoo akipiga ukelele uani. Mwanamume alikuwa akizungumza naye, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto. Rahab aliitambua sauti kabla hajayasikia maneno. Kisu kikamponyoka.

"Usiogope, ni mimi, Mburu," sauti ilisema. "Wameniachilia jana. Ephantus alikuja kambini na daktari Mzungu, akaniambia mlimzika mama hapa shambani. Tafadhali, nionyeshe kaburi lake."