Kiti cha Dereva

"Kanyaga!" Dalmas aliita akiwa amelala kando ya gurudumu la nyuma, spana mkononi. Ndipo akakumbuka kwamba mkewe walimzika mwezi Machi.

Alikuwa akitoa hewa kwenye breki za gari lao kuukuu, kwenye maegesho ya ghorofa anamokaa mtaani Kileleshwa. Kazi hiyo huhitaji watu wawili: mmoja anakanyaga breki, mwingine analegeza nati hewa itoke. Miaka ishirini na sita mkewe ndiye aliyekanyaga, huku akimsimulia habari za kwaya.

"Mzee, unaongea na nani?"

Alikuwa jirani wa ghorofa ya tatu, mwanamke mrefu waliyezoea kusalimiana naye kwenye ngazi tu.

"Nilitaka mtu wa kunikanyagia breki," Dalmas akasema kwa aibu.

"Si ungesema tu?" Akaweka chini mfuko wake wa mboga, akaingia garini. Magoti yakagonga usukani. "Aki hiki kiti kiko mbele sana. Nikirudishe nyuma?"

Mkewe alikuwa mfupi, na tangu afariki hakuna aliyekigusa kiti hicho. Mafuta ya breki yalimchuruzika mkononi hadi kwenye kiwiko, asiyapanguse.

"Mzee?"

"Kuna chuma hapo chini," akasema hatimaye. "Kivute kwa nguvu. Kimekaa sana."

Kiti kilikwaruza, kisha kikateleza. Dalmas aligeuzia uso gurudumu ili jirani asimwone, akaishika spana kwa mikono yote miwili.