Paa la Mama Chura

“Likinge mvua vipi?” aliuliza Mnana, ndege fundi wa kusuka. Kasuku na Nyegere wakapeana kisogo.

Kasuku ndiye aliyeleta agizo: Mama Chura anataka paa la kukinga mvua juu ya dimbwi lake. Nyegere ndiye mpimaji wa ubora wa kazi. Ati Kasuku ampeleke Nyegere kwa mteja akaulize zaidi? Ng'o! Kazi iliyopita sifa zote zilimwendea Nyegere, na wivu ulikuwa ungali unamchoma Kasuku. Nyegere naye, akimwonea kijicho Kasuku anavyokaribishwa na wateja, aliapa hatamwuliza neno.

Paa likasukwa. Nyegere akalimwagia maji, akapiga kifua.

“Hata tone halipiti! Kasuku we, kazi yako kukariri tu.”

“Na yako kutafuta kasoro za wenzio. Leo umeikosa, imekuuma, eh?”

Mvua ya kwanza ikanyesha, ikateremkia pembeni kote. Chini ya paa, dimbwi likabaki tope.

“Jamani!” akalia Mama Chura. “Nilisema kukinga, kama mtu akingavyo maji kwa ndoo, yaingie dimbwini. Nyie mmenikinga nayo!”

Viluwiluwi wake walikuwa wanatapatapa topeni. Kasuku na Nyegere wakatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake alaumiwe.

“Wivu wenu mtaumaliza baadaye,” akasema Mama Chura, akiwapa jani moja la mgomba. “Mmoja ashike huku, mwingine huku, mkanichotee maji mtoni. Tafadhali, msivutane.”