Pete Yenye Vidole

Kwenye televisheni utumbo uling'aa, umejaa mikunjo, na Kantengwa, ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, alishindwa hata kupepesa macho. Maumivu? Hata chembe hakusikia. Mama mzima wa Kashojwa, kambini Nakivale, mwenye wajukuu tisa, alijizuia asicheke.

"Polepole, Vanessa," ikasema sauti ya Daktari Tumwine. "Rudi nyuma kidogo."

Vanessa, daktari mwanafunzi, akauvuta mpira wenye kamera. "Safi. Hakuna kitu."

Kantengwa akashusha pumzi. Kaka yake Rutayisire alitokwa damu chooni akanyamaza, wakamzika mwaka jana. Sasa yeye naye alikuwa na miezi miwili akiiona damu hiyohiyo. Kaburi aliliogopa, lakini huo mpira wa hospitali ya Mbarara aliuogopa zaidi, na jana nusura apande gari arudi zake Nakivale.

"Kwetu," alimwambia daktari jana hiyo, akiisukuma chupa ya dawa ya kusafisha tumbo, "mwenye kumupa mugeni maziwa anaonja kwanza. Kama haonji, mugeni hanywi."

Daktari hakubisha. Alikunywa glasi nzima, akaongeza ya pili, akaongeza ya tatu. Huyo ni mtu, Kantengwa akasema moyoni, naye akanywa. Asubuhi yote hakubanduka chooni.

"Sasa uvalishe ile pete," daktari akaagiza.

Vanessa akautoa mpira, akaivika ncha yake pete ndogo ya plastiki yenye vidole laini, akauingiza tena. Vidole vikapangua mikunjo mmoja mmoja, kama mama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto. Nyuma ya mkunjo wa tatu, hicho hapo: kinyama chekundu, kimejibanza.

"Kikiachwa, hiki kinakuwa kansa," Vanessa akasema.

"Mukikate," Kantengwa akasema. "Mukikate, mutoto wangu, musikiache pale hata dakika moja."

Waya ukakizunguka, ukakibana, kikang'oka. Lo, furaha gani hiyo! Kantengwa akapiga vigelegele mpaka nesi wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Akacheka mpaka machozi, akamshukuru Mungu kwa Kinyamulenge chake, akarudia kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kinyankore cha wenyeji asichokijua vizuri.

Kitandani, Daktari Tumwine akavuta shuka kufunika makalio yake.

"Nipe suruali yangu, mama," akasema. "Nimeshaonja. Sasa ulale wewe."