Madigadi Inayong'aa

Asajile alipitisha ukucha kwenye madigadi ya plastiki, rangi ikabanduka tena kama utando wa maziwa. Jamani! Akakaa juu ya ndoo, hoi.

"Praima yako ya maji, hiyo rangi ya kwanza, haishiki, fundi," mwenye bodaboda alisema, na madereva wenzake wakacheka. "Stendi nzima ya Tukuyu tunahamia kwa fundi wa Mbeya."

Asajile akainusa ile madigadi. Mafuta! Praima ya maji na mafuta, wapi na wapi?

"Kaka, kabla ya kuniletea huwa unaipaka nini?"

"Naisugua kwa parachichi, ing'ae. Nikuletee kitu kimepauka, sina adabu? Kijijini kwetu Kisondela wote tunafanya hivyo."

Kicheko kikakatika. Asajile akatazama vidole vyake vilivyochubuka kwa kupiga msasa, akamkabidhi mwenye bodaboda huo msasa.

"Anza wewe."